Mapasa mu Mashini ya Guelor

Makomeno, Lubumbashi, tarehe 12 mwezi wa kwanza 2025

Guelor, mujukulu yangu, bwana yangu mudogo usiye na haya,

Jambo yako. Miye niko muzima, ni magoti tu inanisumbua juu ya mvua. Plamedie eko muzima pia, cherehani yake inalia tangu asubui mpaka ninawaza itatoboa ukuta. Baba yake, Israël, anatuma salamu toka Likasi. Ile kuku nyekundu ilikufa. Usiihurumie, hukuilishaka hata siku moya. Na weye, unakula? Bukari, ule ugali ya Mitwaba, ninaijua, nilizaliwa huko, iko ya muhogo tupu. Kama ukikonda, usirudie hapa kunipatisha haya mbele ya bamama ya paroisse, bale ya kanisa.

Sasa uikale chini, usome polepole. Ninaandika na mukono yangu mwenyewe, na ile miaka tatu ya masomo basista balinipatia. Kwa telefone haiwezekane: weye mpaka upande mulima kutafuta réseau, na hapa Plamedie anasikia na masikio yote mbili. Mukanda hii, hii barua, ninamupa Chance, dereva wa kamiyo ya unga, anafika kwenu mara moya mu mwezi Mungu akipenda.

Mashini yako, ile kompyuta uliyotuachia, inagonjwa.

Ulituambia: "Kambo, muiwashe kila juma, mvua isiioze. Ndani iko système mbili za kuiendesha. Orodha itatoka ku kioo ya écran, muchague moya." Kuchagua moya! Weye mujukulu wa mama ya mapasa, ya mapacha wa tumbo moya, unaniambia nichague moya! Uliona wapi muntu anaamsha pasa moya, mwengine anabaki amelala na njaa? Nilibapatia majina ya mapasa, kama vile tuliita batoto yangu: yule wa bluu ni Kyungu, kama Israël, yule wa zambarau ni Ngoie, kama baba yako Osée, Mungu amuweke pazuri. Kila siku ya posho, ile ya Jumamosi, nilifungua Kyungu, nikamwangaria muda wa rozari moya, nikafunga. Kisha Ngoie, rozari moya, nikafunga. Plamedie alicheka. Acha acheke. Mapasa ni sawa kwa sawa, ao moya anakasirika, anaondoka.

Siku ya posho iliyopita Kyungu aliandika ku écran tusimuzime, eko anajitengeneza. Namba ilikuwa inapanda. Ilifika makumi ine, courant ya umeme ikakatika mu mutaa muzima. Iliporudi, orodha haikutoka tena. Kyungu anatoka pekee yake, haraka haraka kama muntu aliyefanya mubaya. Ngoie hatokei. Na kisha Kyungu analeta kisanduku kidogo cha maneno ya Kifaransa. Plamedie alisoma: ile disque ya pembeni lazima iwe formatée mbele ya kutumika. Bouton mbili: "Formater", "Annuler". Nilimuuliza formater ni nini. Akajibu: "Ni kama kuosha sahani, Kambo." Nilimupiga mukono.

Juu ya nini? Mu Ngoie njo munalala kitabu ya ubatizo! Ile kubwa ya paroisse, tangu mwaka makumi sita na moya, mvua iliiozesha mu sacristie ya kanisa, weye ukapiga photo ukurasa kwa ukurasa, na yenye ilibaki Abbé Kabwe, padri yetu, akaichoma juu ya muchwa. Hakuna ingine dunia muzima. Pasaka Abbé anataka kuandika kitabu mupya. Kama imepotea, bantu mia na mia batakuwa kama habakubatizwaka, na batakuja kugonga mulango gani? Ya kwangu.

Sasa unijibu ulizo hii mbele ya kila kintu. Wakati ulipiga zile photo, ulikuwa unasoma? Ao ulipiga tu? Mwaka sabini na ine, ulisoma?

Silale muzuri. Jibu.

Angélique, mama ya mapasa


Mitwaba, tarehe 1 mwezi wa pili 2025

Kambo, bibi yangu wa kwanza,

Jambo kwako na kwa Plamedie. Mukanda yako ilifika jana, kisha siku kumi na tisa. Chance alilala mara tatu pa daraja moya yenye maji ilibeba mbao yake. Ilifika inanuka mazutu ya kamiyo, lakini maneno yote yalikuwa ndani, hata ya bukari. Ninakula. Kazi yangu ni ile ile, kuandika majina ya batoto benye banachanjwa, kijiji kwa kijiji. Kuku, pole.

KAMBO, USIGUSE FORMATER. Ninaandika na herufi kubwa ili Plamedie asikie hata cherehani ikilia. Kile kisanduku kikija, bonyeza Annuler, njo kusema hapana. Kikirudia mara mia, Annuler mara mia.

Sikia namna iko. Ngoie hakukufa. Nyumba ni moya, vyumba mbili, mulango wa mbele moya. Pa mulango niliweka mulinzi, kazi yake ni kuuliza kila anayeingia, "Unaenda kwa nani?" Ile njo orodha uliyoona. Courant ilipokatika mu kati ya matengenezo, Windows, Kyungu wako wa bluu, alisimamisha mulango upya na mulinzi akabaki inje. Si ubaya yake. Kosa ni yangu miye, nilipashwa kufunga zile mise à jour, matengenezo yenye inakuja yenyewe, mbele ya kusafiri, nikasahau juu ya haraka.

Na Kyungu hajue lugha ya Ngoie. Ngoie, jina yake ya kazi ni Linux, anaandika namna yake. Kyungu akiangaria upande ule, haoni majina, haoni kurasa, anaona kiwanja tupu yenye majani. Njo maana anakuuliza: nilime? Formater ni kulima, Kambo. Muntu akisha kulima, hata ukimuonyesha kwa kidole, "Hapa kulikuwa kintu," anaona mihogo tu.

Mujaribu hivi. Plamedie awashe, na pale pale apige bouton F12 juu ya clavier ya herufi, ta-ta-ta-ta, asingoje. Orodha ingine itatoka, ya mashini yenyewe. Achague jina lenye haliko Windows. Kama Ngoie anatoka, umushukuru Mungu, ufunge, usiguse tena mpaka nirudi.

Juu ya ulizo yako: nilipiga tu photo, Kambo. Kurasa mia ine na makumi mbili, nani angesoma?

Hapa kuko muzee moya anaitwa Mulenga. Alikuwaka mulinzi wa dispensaire ya zamani, ile ya kutibia bagonjwa. Nilipomutajia jina yako, alisema alijuaka kwenu. Anasema mulikuwa dada mbili. Hukunielezaka kama ulikuwaka na dada.

Bwana yako mudogo,
Guelor


Makomeno, tarehe 19 mwezi wa pili 2025

Guelor,

Jambo. Tuko bazima. Israël alikuja siku mbili, anakusalimia, nywele yake inaanza kuwa nyeupe kama ya babu yako Anaclet. Plamedie alishona kanzu ya ndoa, bibi-arusi akanenepa, sasa banagombana. Mvua inanyesha kama ina hasira nasi.

Huyo muzee Mulenga eko na miaka ngapi? Bazee ya namna ile banachanganya bantu. Leo dada, kesho kaka. Usiende kuikala kwake. Na ujibu: nani alikutuma Mitwaba? Ulisema kazi. Balikutuma ao weye uliomba? Pale kwetu hakuna kintu cha kutafuta, ni majani na baridi.

Sasa mashini. Plamedie alipiga ile F12 mpaka kidole ikavimba. Orodha ilitoka kama ulivyosema. Alichagua. Écran ikawa nyeusi, nyeusi ya usiku wa kaburini, na juu maneno nyeupe mbili. Ninayanakili herufi kwa herufi: grub rescue. Plamedie alisema ni lugha ya bantu ya mbali, na neno ya pili ni kuomba kuokolewa. Guelor! Ngoie anaomba kuokolewa, na miye niko nimeshika bougie, mushumaa ya sala, pembeni yake kama muntu mujinga! Nta ya bougie ikanimwangikia ku mukono. Nilizima, nikafunika mashini na kitambaa. Siku ine sikuingia mu ile chumba.

Kisha nikaita fundi, Nono, mwenye anatengeneza ma telefone pembeni ya soko. Aliangaria dakika mbili, anatafuna karanga. Akasema: "Mama, hii ni ya kuformater tu. Saa moya, inakuwa mupya." Nikamuuliza, na kitabu? Akasema, "Kitabu gani? Miye sioni kitabu." Nikamufukuza na karanga zake. Lakini alisema atarudi siku ya posho, na sikumukataza.

Hiyo njo inanipa woga. Sikumukataza.

Juu Abbé Kabwe alitangaza mu misa: mbele ya Pasaka, bamama ya chama yetu bataikala mu salle ya kanisa, moya anasoma ile majina kwa sauti, bengine banaandika mu kitabu mupya. Na alichagua nani wa kusoma? Dorine. Dorine! Ile mudomo! Kintu ikiingia mu sikio ya Dorine asubui, saa sita iko imefika chuo kikuu ya Kasapa, banafunzi banaicheka. Atasoma mwaka wote, ukurasa kwa ukurasa, miye nimeikala pale mbele, présidente wabo, na kitambaa ya chama.

Zamani, mbele ya vitabu, bantu habakujuana? Kama kitabu imekufa, imekufa. Kila muntu anajua nani alimubatiza.

Ulisema ulipiga tu photo. Ninakubali. Nitafanya nini, nisikubali?

Angélique, mama ya mapasa


Mitwaba, tarehe 6 mwezi wa tatu 2025

Kambo,

Jambo, mbio mbio, Chance anageuka leo leo na moteur yake iko inawaka pa mulango. Niko muzima.

Mu hii bahasha iko clé ndogo ya USB, ile ya kuchomeka mu mashini. Nilitengeneza ku kompyuta ya hapa kazini. Mulinzi mupya eko ndani yake. Plamedie achomeke clé mashini ikiwa imezimwa. Awashe, F12 ta-ta-ta, achague jina ya clé. Angoje, itachelewa, asiogope. Atakuta picha ya nyundo, abonyeze pale mara moya, akubali yenye itaulizwa. Azime, atoe clé, awashe. Ile grub rescue si kilio, ni mulinzi tu alifika mu chumba akakuta bamehamisha kiti yake. Ngoie eko pale pale. Lakini kama Nono akilima, hata clé mia hazitasaidia vile inapashwa.

Kambo, ninakuuliza kama muntu mukubwa. Ni Nono anataka kuformater, ao ni weye?

Juu miye nilisoma. Nilikudanganya. Nilisoma mu mwezi wa kumi na moya, photo ile haikutoka muzuri, nikaikuza ili nione kama nirudie. Mistari mbili, siku moya, wino moya. Israël, mutoto wa Anaclet na Angélique. Chini yake: Osée, mutoto wa Bwalya, aliyekufa mu kuzala, Mitwaba, baba hajulikane, ameletwa na Angélique, dada ya mama yake.

Baba yangu hakukuwa pasa. Bwalya ni kambo yangu wa kunizaa, na miaka makumi mbili na tano sikusikia jina yake mu nyumba yetu hata kwa kosa.

Ku kazi balinipa kuchagua Likasi, Kipushi ao Mitwaba. Nilichagua. Nilikuja kutafuta kaburi yake. Mulenga alinionyesha: nyuma ya dispensaire ya zamani. Ni shamba. Balilima mara nyingi. Nilisimama mu mihogo ya bantu, sikujua niangarie wapi.

Sikuandika mbele juu niko na woga, Kambo. Si woga ya wafu. Niliogopa ukijua kama ninajua, hautaniita tena bwana yako mudogo.

Usilime. Ninakuomba.

Guelor


Makomeno, tarehe 8 mwezi wa tatu 2025

Guelor,

Jambo. Plamedie muzima. Miye sijue.

Sijapata jibu yako na siwezi kungoja Chance, hii ninaipa dereva mwengine. Nilifanya.

Nono alikuja siku ya posho, nikamurudisha pa mulango. Niliwaza, kama ni mubaya, isifanywe na mukono ya muntu mwengine. Nilituma Plamedie kununua makala ya moto. Nikawasha. Kyungu akatoka, kile kisanduku kikatoka. Nikapeleka ile mushale pa "Formater", nikabonyeza. Nilifikiri itapiga kelele. Haikupiga. Kisanduku ingine ikatoka, na bouton chini. Nikabonyeza tena. Ya tatu ikatoka na alama ya hatari, ile ya manjano, na kidole yangu ilikuwa juu yake, na courant ikakatika. Sijue kama nilibonyeza mbele ya giza ao nyuma ya giza. Sijue, Guelor! Niliikala mbele ya ile écran nyeusi, nikaona kichwa yangu ndani yake, muzee mwenye mudomo wazi.

Saa ile njo woga ya kweli ilinishika. Nilifikiri nitapumua. Sikupumua. Juu kama ile ukurasa imekufa, Anaclet alisha kufa, padri mwenye aliandika alisha kufa, basi Bwalya anabaki mu kichwa yangu tu, na kichwa yangu ni ya miaka sabini na mbili. Nikifa miye, atakuwa hakuzaliwaka.

Kwa hiyo ninaandika. Kitabu sasa ni miye.

Nilikuwaka na dada mudogo, Bwalya. Alikuwa mufupi, anapenda kucheka bantu, anaimba vibaya. Alishika mimba, muanaume akakimbia, hakutaja jina yake mpaka mwisho. Nilikwenda Mitwaba na mimba yangu miye mwenyewe, ya kumusaidia. Alizala siku ya ine ya juma, akatoka damu, akafa mbele jua haijafika juu. Miye nilizala kisha siku mbili, siku ya posho, mbele ya wakati, juu ya huzuni. Batoto mbili mu kitambaa moya. Nilibanyonyesha bote mbili, huyu kuume, huyu kushoto.

Mama ya Anaclet alituma neno: mutoto mwenye aliua mama yake hatalala mu nyumba ya mutoto wangu. Anaclet alikuwa muntu wa reli, hakusema mingi. Alikuja kutupokea pa gare ya treni, akaangaria kitambaa, akaniambia polepole, "Angélique, bantu batauliza. Sema mapasa." Nikasema mapasa, na mutoto wa Bwalya nikasema alifuata mama yake. Ungemuona ule mama mukwe! Alijipaka unga ku uso, akacheza mu barabara, akaimba zile matusi ya desturi ya mapasa mbele ya bantu bote, mwanamuke mwenye hakupendaka hata kucheka! Alicheza juu ya mutoto mwenye alimukataa. Nilicheka na ndani nilikuwa na woga, na woga ile haikuisha tangu siku ile.

Nilidanganya mama mukwe, jirani, Makomeno yote. Lakini siku ya ubatizo, padri aliinua kalamu, akauliza, "Mama ya huyu?" Sikuweza. Nilisema Bwalya mara moya, ile siku, akaandika. Njo ile mustari.

Baba yako hakujuaka. Israël hajue. Sasa weye unajua, na ni miye nilikuambia, si Dorine.

Ukitaka kukaa kimya, kaa. Nitaelewa. Lakini unitumie hata karatasi tupu, nijue kama ilifika.

Angélique


Mitwaba, tarehe 25 mwezi wa tatu 2025

Kambo,

Ilifika. Siitumi tupu.

Ninajua mikanda yetu ilipishana njiani, ule dereva mwengine alileta yako wakati yangu ilikuwa inashuka na Chance. Kwa hiyo sasa unajua kama nilikuwa ninajua, na miye ninajua kama ulibonyeza. Nilisoma pa barza ya Mulenga, na nilipofika pa alama ya manjano niliacha, nikatembea mpaka pa mutoni, nikarudi.

Muchomeke clé. Kama ulifika pa kisanduku ya tatu na hukusema ndiyo, hakuna kilicholimwa. Kama ulisema ndiyo, usiwashe tena kabisa, ufunike, nitakuja nijaribu kuokota. Plamedie afanye, weye ushike rozari, usishike ile panya ya mashini!

Kukasirika nimekasirika. Siwezi kukuficha. Si juu ya Bwalya. Mutoto uliyemunyonyesha ni wako, sina neno. Ni juu ya mwaka elfu mbili na kumi na moya. Baba alipokufa, nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilifungua mudomo nilie, ukaufunga na mukono yako. Ulisema, "Hatulie pasa. Ukimulilia, atakuja kumuchukua Israël." Bantu bote pale kilio baliikala kimya juu ya ile amri. Sikumulilia baba yangu, Kambo. Mpaka leo. Ninajaribu, haitoke.

Na hakukuwa pasa.

Guelor


Makomeno, tarehe 22 mwezi wa ine 2025, kisha Pasaka

Guelor, bwana yangu mudogo,

Ndiyo, nimekuita. Usiulize tena ulizo ya kijinga namna ile.

Jambo yako. Magoti inauma kidogo tu sasa, mvua inaisha. Plamedie anashona ma uniforme. Israël alikuwa hapa siku tatu za Pasaka, nilimueleza. Kisha akasema, "Basi nilinyonya titi moya tu juu ya Osée alikuwa na ingine," akacheka, akatoka inje, akarudi macho nyekundu.

Plamedie alichomeka clé. Miye nilisimama pa mulango, mugongo kwa mashini, sikutaka kuona. Nilisikia ta-ta-ta. Nilimaliza rozari moya, nikaanza ya pili. Kisha akaniita, "Kambo, geuka." Orodha ilikuwa pale. Majina yote mbili, moya juu, moya chini. Akafungua Ngoie. Akatafuta ile mwaka. Iko, Guelor. Mistari yote mbili, wino moya. Niliweka kidole ku écran, juu ya Bwalya, Plamedie akanigombeza kama ninachafua kioo. Kwa hiyo sikusema ndiyo ku kisanduku ya tatu. Mungu alikata courant, ao ni ile kampuni ya umeme. Mara moya mu maisha ninawashukuru.

Nilikwenda kwa Abbé Kabwe, nikamwambia ile mwaka nitaisoma miye. Akasema, "Mama, macho yako..." Nikamujibu macho yangu iko sawa. Mu salle tulikuwa bamama kumi na mbili. Nilisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama mutoto wa mwaka wa kwanza. Nilisoma Israël. Nikasoma Osée, mutoto wa Bwalya, mpaka mwisho, hata pa "baba hajulikane". Kisha Dorine, na kalamu ku mukono: "Angélique! Mama yangu alikupatia kuku mbili ya mapasa! Urudishe moya!" Salle yote ikapasuka kwa kicheko, hata Abbé. Nilimwambia mama yake alileta kuku ya kukonda, mbili hazikufika moya. Akacheka na yeye. Kisha akainama, akaandika, akaniuliza pole pole, "Bwalya, ni na W ao na U?" Nikamuonyesha. Njo ile tu. Miaka makumi tano na moya niliogopa ile siku, na ilikuwa dakika moya na kuku.

Sasa jambo yako.

Ile mukono pa mudomo yako, niliikumbuka kila mwaka. Niliogopa. Kama ningekuacha ulie, bantu bangeuliza: mbona huyu analilia pasa, ni pasa ya namna gani? Nilifunga mudomo ya mutoto ili uongo yangu isifunguke. Hakuna neno la kupamba hiyo. Miye pia sikumulilia. Nilimunyonyesha, nikamuzika na macho kavu, nikapika chakula ya bantu.

Kaburi ya Bwalya, usitafute mu mihogo. Mulenga anajua dispensaire, hajue siku ile. Ukitoka pa mulango ya nyuma wa dispensaire, hesabu hatua makumi tatu kufuata mufereji, mpaka pa jiwe kubwa ya bapa kama meza. Tulikuwa tunafulia nguo pale. Miye njo nilisema bamuzike nyuma ya ile jiwe, juu hakuna anayelima pa jiwe.

Siku ya posho ya kwanza ya mwezi wa tano, saa tatu asubui, uende pale, uikale chini. Usisimame kama mugeni. Miye saa ile ile nitaikala chini mu cour, mu kiwanja ya nyumba hapa, bila kiti, kitambaa ku kichwa, na nitamulilia Osée kwa sauti, namna mama analilia mutoto, mpaka mutaa wote uje kuuliza. Israël atakuwa pembeni yangu. Na weye lia, Guelor. Fungua mudomo yote. Kama haitoke, ngoja hapo hapo, itatoka, miye niko ninaanza huku.

Kama kamiyo ya Chance ikichelewa, ulie siku utakayosoma. Miye sitahamisha siku yangu.

Kisha ukule. Kisha urudi, mashini inakungoja, bote mbili bazima.

Angélique,
mama ya Israël,
dada mukubwa ya Bwalya,
mama mukubwa ya Osée,
kambo yako